Tangi Dogo la Maji Chumvi Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mawe na Samaki

Majibu haya ni ya mtu anayeanza na tangi la lita 60 hadi 150, liwe Kampala, Jinja, Mbarara au Gulu. Tangi ninalotolea mfano lina urefu wa sentimita 60, upana 45 na kimo 40, yaani lita 108 likijaa mpaka ukingoni. Ukishaweka mawe na mchanga, maji yenyewe yanabaki kama lita 85 au 90. Hesabu za chumvi, za dawa na za samaki zifanyie hiyo 85.

Nianze na mawe au samaki?

Anza na karatasi. Andika majina ya samaki unaowataka, kisha uliza kila mmoja analala wapi, anajificha wapi, anachimba au hachimbi. Hapo ndipo utajua mawe yakae vipi. Wengi hufanya kinyume: wanapanga mawe yapendeze machoni, wananunua samaki aliyewavutia, halafu wanagundua kuwa samaki watatu wanagombania pango moja. Samaki wa miamba hahesabu lita za maji, anahesabu mashimo. Asipopata shimo lake, hata tangi la lita 200 kwake ni uwanja mtupu.

Mawe gani yanafaa, na nitayapata wapi wakati hatuna bahari?

Jiwe la tangi la maji chumvi linafanya kazi mbili. Ni nyumba ya samaki, na ni nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Kwa kazi ya pili linahitaji vitundu vidogo vidogo mpaka ndani, kwa hiyo jiwe zuri ni jepesi kuliko linavyoonekana. Lishike mkononi. Ukishangaa wepesi wake, hilo ndilo.

Kokoto na mawe ya machimbo ya Kampala, kama yale ya Muyenga, hayadhuru maji, lakini ni mazito na hayana vitundu. Unaweza kuyaweka chini kama msingi, siyo kuyategemea. Mawe ya Tororo watu huniuliza sana kwa sababu wamesikia ni chokaa. Nakushauri uyaache. Miamba ya Sukulu na Tororo ilitokana na volkano, na ya Sukulu ina fosfeti nyingi kiasi kwamba inachimbwa kwa ajili ya mbolea. Fosfeti kwenye tangi ni chakula cha mwani, na ukishaanza vita na mwani wa nywele utachoka. Mawe mepesi ya volkano ya Kisoro yana vitundu vizuri, na wafugaji wa samaki wa maji baridi (yasiyo na chumvi) wanayapenda, ila yanaweza kuwa na madini ya chuma na mengineyo nisiyotaka karibu na kamba na konokono wa baharini.

Yanabaki mawe makavu yanayoagizwa kutoka nje, au kutengeneza mwenyewe. Mimi natengeneza. Nachukua kipimo kimoja cha saruji ya kawaida, vipimo vitatu vya maganda ya konokono wa ziwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya chakula cha kuku (yaoshe mpaka maji yatoke meupe), na kipimo kimoja na nusu cha chumvi ya mawe yenye punje kubwa. Nachanganya kwa maji machache, uji uwe mgumu kama udongo wa kufinyangia, kisha naufinyanga ndani ya sanduku la mchanga mbichi. Baada ya siku mbili tatu linatolewa na kuloweshwa. Chumvi inayeyuka na kuacha mashimo. Uvumilivu unahitajika hapa, kwa sababu saruji mpya hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji) vibaya sana. Lowesha kwenye pipa, badilisha maji kila baada ya siku chache, na uendelee hivyo wiki sita mpaka nane. Usiliingize tangini kabla pH ya maji yaliyokaa na jiwe siku tatu haijashuka chini ya 8.5.

Nikienda Mombasa, si naweza kuokota matumbawe ufukweni nikayaweka kwenye buti?

Usifanye hivyo. Watamu, Malindi na Kisite-Mpunguti ni hifadhi za bahari na hutakiwi kuondoka hata na ganda moja. Nje ya hifadhi bado matumbawe magumu, yakiwa hai au mifupa mitupu, yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuyavusha Malaba au Busia bila kibali ni kosa kwa pande zote mbili. Samaki hai nao wanahitaji kibali cha kuingizwa nchini kutoka Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, iliyoko Entebbe. Muulize muuzaji karatasi zake. Anayezo haoni taabu kuzionyesha.

Kilo ngapi zinatosha?

Kanuni ya zamani ilikuwa kama gramu 120 kwa kila lita, yaani kilo 12 au 13 kwa tangi letu la mfano. Kwa jiwe jepesi lenye vitundu, kilo 8 hadi 10 zinatosha kabisa. Ukijaza zaidi, maji hayapiti nyuma, uchafu unalala humo, na samaki hana pa kuogelea.

Niyapange vipi?

Chukua boksi, kata kipande cha sentimita 60 kwa 45, kiweke mezani, panga mawe juu yake ukiwa umekaa kwenye kiti mahali utakapokuwa ukikaa kulitazama tangi. Chora mstari sentimita 6 kutoka kila ukingo na usiuvuke, kwa sababu mkono wako na sponji ya kusugulia kioo lazima vipite. Kimo cha mawe kisizidi theluthi mbili za maji.

Kwa tangi dogo napenda visiwa viwili visivyolingana, kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili, katikati mchanga mtupu. Faida yake siyo urembo tu. Samaki wawili wasiopatana wanapata mpaka unaoonekana, kila mmoja na kisiwa chake. Ukirundika ukuta mmoja wa mawe kutoka kushoto mpaka kulia, mbabe mmoja anautawala wote.

Kila pango liwe na milango miwili. Pango la mlango mmoja ni mtego: mnyonge anafukuzwa mpaka ndani, hana pa kutokea. Pitisha vidole viwili kwenye kila tundu. Vikipita, samaki wa sentimita nane anapita. Acha pia uwazi chini ya angalau jiwe moja kubwa ili maji ya pampu yazunguke.

Halafu hili nililolipia kwa maumivu. Tangi langu la kwanza nilimwaga mchanga kwanza, nikasimamisha mawe juu yake. Lilipendeza. Mwezi wa nne nikaingiza gobi wa njano, samaki mdogo wa chini, na kamba mwenzake, wale wanaochimba nyumba pamoja. Kamba anasukuma mchanga nje kwa makucha kama tingatinga, gobi anakaa mlangoni analinda. Nilikuwa nakaa saa nzima nikiwatazama. Usiku mmoja nikasikia kishindo kizito sebuleni. Walikuwa wamechimba mpaka chini ya nguzo ya upinde, na upinde wote ulikuwa umelala. Kioo kilipona. Gobi alikuwa chini ya jiwe la kilo tatu. Nilimtoa asubuhi, mkia wake wa njano ukiwa ndio pekee unaoonekana.

Tangu siku hiyo mawe yangu yanakaa juu ya kioo chenyewe. Chini natandika kipande chembamba cha plastiki ngumu, juu yake mawe ya msingi yasiyotikisika, ndipo mchanga unamwagwa kuyazunguka, kina cha sentimita 3 au 4. Mawe ya juu nayagandisha kwa supaglu nzito pande mbili na epoksi ya majini katikati, kama mkate wenye nyama. Kabla ya kujaza maji sukuma kila jiwe kwa kidole kimoja. Likicheza, bomoa uanze upya. Sasa hivi ni dakika kumi za kazi.

Chumvi ya Katwe inafaa? Ni ya kwetu na ni rahisi.

Ninaipenda Katwe na wachimbaji wake, lakini siyo kwa tangi. Maji ya ziwa lile ni ya volkano. Yana sodiamu, kloridi, salfeti na kaboneti nyingi, huku kalisi na magnesi zikiwa chache mno. Maji ya bahari yana takriban miligramu 410 za kalisi na 1,290 za magnesi kwa lita, na viumbe wa baharini wanazitegemea. Chumvi ya jikoni nayo ni karibu sodiamu kloridi tupu. Nunua chumvi iliyotengenezwa maalumu kwa matangi ya bahari. Utahitaji kama gramu 35 hadi 38 kwa lita, kilo 3 na kidogo kwa kujaza mara ya kwanza, kisha kama gramu 370 kwa kila lita 10 unazobadilisha kwa wiki.

Na maji je?

Yaliyochujwa kwa mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando laini sana. Maji ya bomba yana klorini, na ya mvua kutoka kwenye bati yanabeba zinki na vumbi. Maji yanayopungua kwa kukauka yajazie maji matupu bila chumvi, kwa sababu chumvi haiendi popote inapokauka. Weka alama ya kalamu kwenye kioo na ujaze mpaka hapo kila siku. Unalenga chumvi ya 1.025 kwenye refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi) na joto la nyuzi 25 au 26. Kampala inatusaidia: hatuhitaji mashine ya kupoza kama wenzetu wa pwani, hita ndogo ya wati 100 inatosha kwa usiku wa baridi. Kabale ni habari nyingine, huko hita itafanya kazi karibu saa zote.

Nisubiri muda gani kabla ya samaki wa kwanza?

Kwa mawe makavu au ya saruji, wiki nne hadi sita, na mara nyingine zaidi. Tupia kipande cha kamba mbichi wa dukani kwenye kisoksi ukiache kioze, au tumia kloridi ya amonia mpaka kipimo kifike miligramu 2 kwa lita. Amonia itapanda kwanza, nitriti itafuata, mwisho nitrati. Tangi liko tayari pale unapoongeza amonia leo na kesho saa kama hiyo amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Usiende kwa kalenda, nenda kwa kipimo.

Tangi langu linabeba samaki wangapi?

Kwa lita 85 za maji halisi, wanne. Watano ukiwa na uzoefu na wote wawe wadogo. Najua ni wachache, na dukani utaambiwa kumi.

Sisi tuna sababu ya ziada ambayo vitabu vya watu wa pwani havitaji. Maji chumvi yenyewe hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi: kwenye usawa wa bahari, nyuzi 25, ni kama miligramu 6.7 kwa lita. Kampala iko karibu mita 1,190 juu, na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13, hivyo maji yaleyale yanashika chini ya miligramu 6. Samaki wanaotosha tangi la Mombasa wamezidi tangi la Kampala. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji uchezecheze muda wote. Mzunguko wa lita 1,000 hadi 1,500 kwa saa unafaa kwa tangi hili.

Nichague nani, na nani aingie kwanza?

Mpole kwanza, mkali mwisho. Anayetangulia anajiona mwenye nyumba, na ukimtanguliza mkali wote wanaofuata wanapokelewa kwa kuumwa.

Mimi ningeanza na gobi wa njano, *Cryptocentrus cinctus*, pamoja na kamba wake. Mpe mchanga na mdomo wa pango chini ya kisiwa kidogo. Baada ya wiki tatu, vipimo vikiwa vimetulia, aje samaki-moto, *Nemateleotris magnifica*, ambaye ni mwenyeji wa bahari yetu ya Afrika Mashariki pia. Ni mwoga, anaelea juu ya tundu lake na pezi lake refu la mgongoni likicheza kama bendera, na kivuli kikipita anapotea. Weka mmoja tu. Mwisho kabisa waje klauni wawili, *Amphiprion ocellaris*, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeupe. Nunua wadogo wasiolingana ukubwa. Klauni wote huzaliwa madume, na mkubwa kati yao hugeuka jike, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha jinsia. Anemoni hawahitaji, watachagua kona yao na kulala hapo kila usiku. Tafuta waliozalishwa kwenye matangi, wanakula vizuri na wanavumilia.

Ukipenda utulivu zaidi, badala ya klauni weka jozi ya Banggai, *Pterapogon kauderni*. Dume huatamia mayai mdomoni na huacha kula siku zote hizo. Nimeliona mara moja, dume limefunga mdomo limevimba kidevu, nikasahau chakula changu kikapoa.

Kabla ya kuingia tangini kila samaki akae karantini wiki nne, kwenye tangi tupu lenye hita, kichujio na kipande cha bomba la plastiki la kujificha. Ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwenye tangi la mawe, kuutoa ni kazi ya miezi, na dawa ya shaba huwezi kuitumia humo: inaua kamba na konokono, na mawe huinyonya.

Nani nisimguse kabisa?

Kangaja wa buluu, hata akiwa mdogo kama sarafu. Anafika sentimita 30 na anataka kuogelea mita nyingi. Kikande, kwa sababu anakula kamba na kupangua mawe. Samaki-simba, kwa miiba yake ya sumu na kwa sababu atawameza wenzake. Mandarini ni mzuri kupita maelezo, lakini anaishi kwa vijidudu hai kwenye mawe na tangi dogo halivizalishi vya kutosha. Atakonda mbele ya macho yako kwa miezi mitatu. Na wale damseli weusi wenye madoa matatu wanaouzwa kwa bei rahisi: bei ndiyo rahisi, ukali wao haupungui.

Naweza kuchanganya na nkejje?

Hapana, nkejje ni wa maji baridi na chumvi hii itamuua. Ila kama gharama ya bahari inakutisha, tangi la nkejje wa Ziwa Victoria lenye mawe ya Muyenga ni jambo zuri kwa haki yake. Samaki hawa walipungua vibaya baada ya sangara kuingizwa ziwani, na rangi za madume wao zinashindana na za bahari.

Samaki-moto wanaruka. Nifunike tangi kwa neti ya mbu?

Hili ndilo swali linalonitia hofu kuliko yote. Neti nyingi tulizonazo majumbani, zikiwemo zile za kugawiwa bure, zimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi. Dawa hiyo kwa binadamu ni salama kwa kiasi kile, lakini kwa samaki na hasa kamba ni sumu kali. Maji yakirukia neti na kurudi tangini yanaweza kuleta madhara. Nunua wavu wa plastiki usio na dawa, wa matundu ya nusu sentimita, uubane kwenye fremu. Na siku ya kupuliza dawa ya mbu chumbani zima pampu ya hewa, funika tangi kwa nailoni, subiri chumba kipate hewa.

Umeme ukikatika?

Joto siyo tatizo la kwanza, maji ya lita 85 yanapoa polepole. Oksijeni ndiyo. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukienda ndiyo kifaa cha kununua kabla ya taa nzuri. Kama huna, teka maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, mara kumi kila robo saa. Usiwalishe mpaka umeme urudi. Ukiwa na inveta, iunganishe na pampu ya mzunguko, siyo hita.

Samaki wamefika usiku baada ya safari ya siku nzima. Niwadondoshee maji polepole kwa saa mbili?

Kwa samaki aliyetoka dukani mtaa wa pili, sawa. Kwa aliyekaa mfukoni saa ishirini na zaidi, hapana. Humo ndani pumzi yake imeshusha pH, na amonia yote aliyotoa imebaki katika hali isiyodhuru sana. Ukifungua mfuko, hewa chafu inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu huku samaki akiwa bado ndani.

Fanya hivi. Muulize muuzaji mapema kiwango cha chumvi anachofungashia, uandae maji ya karantini yanayolingana. Zima taa za sebuleni. Acha mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa dakika 20 ili joto lifanane, ufungue, upime chumvi kuhakikisha, kisha mhamishe samaki kwa chombo na kuyamwaga maji ya mfuko chooni. Usimlishe usiku huo. Atajibanza ndani ya bomba, akipumua kwa haraka, rangi zimefifia. Mwache. Asubuhi weka punje chache za chakula mbele ya mlango wa bomba na usimame mbali kidogo, karibu na pazia, asikuone.